Kubadilisha jina hakutoshi, dada. Usiiweke hiyo makala

Dada yangu wa Fuoni, simama hapo hapo. Umeuliza blogu uifungue wapi, uandike mara ngapi kwa mwezi, muda utautoa wapi kati ya watoto wawili, kwaya na uinjilisti wa mumeo, na kama sisi tuliofunga blogu zetu 2018 tunaweza kurudi. Wenzangu hapo juu wameshakujibu habari za ratiba na kuamka saa kumi alfajiri. Mimi nimekwama kwenye sentensi moja uliyoipitisha katikati bila hata kupumzika: kwamba utaanza na "mambo ninayokutana nayo tukienda kutembelea waumini, majina nitabadilisha", na kwamba ya kwanza, ya binti aliyegombana na mama mkwe wake, iko tayari, unangoja Jumamosi tu.

Usiiweke. Nakuomba.

Nilifanya hivyo hivyo mwaka 2017, hapa Chake Chake. Blogu yangu nilikuwa nayo tangu 2015, ndogo tu: mapishi, safari za boti kwenda Unguja, homa za watoto, mafundisho ya Jumatano. Wasomaji wangu walikuwa watu wa kanisani na ndugu wa bara. Wakati huo huo nilikuwa naongoza idara ya akina mama, na kazi yetu kubwa ilikuwa kutembelea nyumba kwa nyumba. Wewe uko Unguja, mjini, mna makanisa kadhaa na watu wanapotea kwenye umati. Pemba Wakristo tunahesabika. Ukikohoa Machomane, mtu wa Wawi anakwambia pole.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Barabara ya Wete majamvi yametandikwa pembeni, karafuu zimeanikwa, harufu inaingia mpaka ndani ya ibada. Nikaenda kumtembelea mama mmoja wa kundi letu, fundi cherehani. Nilimpelekea mkate wa kumimina kwenye bakuli langu la bati lenye maua mekundu. Tukakaa, akaanza kulia. Kaka yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, analipwa kwa pishi, tawi likakatika naye akiwa juu, akaanguka akavunjika nyonga. Mume wa huyu mama alikuwa amekosana na shemeji yake miaka miwili nyuma na ameshasema shilingi yake haitoki. Basi mama akachukua laki sita kwenye kikoba, akasema za kununulia vitambaa, akampelekea kaka yake hospitali. Mume hajui. Deni linakua. Tulipiga magoti pale pale kwenye mkeka, katikati ya vipande vya sare za skuli, tukaomba.

Hakuniambia nisimwambie mtu. Kwani mtu anayepiga magoti na wewe anahitaji kukwambia hivyo?

Usiku ule nikaandika. Nikamwita "Mama Neema". Nikasema anaishi "kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi". Laki sita nikaifanya laki tano. Kaka nikamfanya mdogo wake. Nikajiona nimemsitiri vya kutosha. Lakini kuna kitu nilikiacha kwa sababu kilinipendeza: cherehani yake ilikuwa na mguu uliovunjika, ameufunga kwa kipande cha kanga ya njano, na kila akikanyaga pedeli kile kipande kinachezacheza kama kinampungia mtu mkono. Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu kabla ya kulala. Dada, nusu ya wanawake wa Chake wameshakaa mbele ya cherehani ile wakisubiri sare za watoto.

Niliweka Alhamisi jioni. Ijumaa mtu akaitia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na kuuliza, "Jamani, huyu si fundi wetu?" Jumamosi mume wake alisomewa barazani, na mtu aliyekuja kuchukua suruali yake. Alisomewa yote, kwa sauti, mpaka pale pa "ameubeba mzigo huu peke yake kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwelewa". Hayo ya mwisho ni maneno yangu mimi. Yeye hakuyasema kamwe.

Jumapili hakuja kanisani. Jumatatu jioni mtoto wake akaja na bakuli langu, limefunikwa kwa kitambaa. Nikashukuru, nikafunua. Tupu. Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Mwanangu mdogo akachungulia akauliza, "Mama, mbona hamna kitu?" Mnajua wenyewe, chombo cha jirani huku hakirudi kitupu. Utatia japo ndimu mbili, japo kipande cha muhogo, japo chumvi. Yule mama hakuwahi kunirudishia chombo kitupu hata mara moja, hata miezi ile ambayo kwake hakukuwa na kitu. Nilikaa jikoni na lile bakuli mapajani mpaka maghribi.

Nilimfuata kuomba radhi. Alinipokea mlangoni, akanisikiliza, akasema, "Nimekusamehe, mama, lakini usirudi." Kikoba wakamdai zote kwa mkupuo kwa sababu alidanganya matumizi. Baada ya wiki kama tatu alifunga cherehani kwa kamba, akapanda boti, akaenda kwa wazazi wake bara. Alirudi baadaye, ndoa ikaendelea kwa namna yake, ila kanisani kwetu hajakanyaga mpaka leo. Na si yeye tu. Mwaka mzima kila nyumba tuliyoingia tulipewa soda na mazungumzo ya bei ya mchele. Hakuna aliyelia tena mbele yetu. Wenzangu watano wa idara, wasioandika hata mstari, waliulipia uandishi wangu kwa kufungiwa mioyo ya watu.

Sasa nimseme aliyenifundisha, maana hasira yangu juu yake haijaisha. Nilihudhuria semina ya uandishi wa mtandaoni Unguja, kila mmoja alitoa elfu themanini na nauli juu yake. Mwalimu alisimama mbele akatuambia, kwa uhakika kabisa, "Badilisha jina, badilisha mji, mengine yote ni mali yako. Andika macho yalichokiona." Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza: je, mahali ambapo cherehani inajulikana kwa mguu wake? Mafundisho yake yanafaa mji wa mamilioni ya watu, ambako jirani hajui jina la jirani. Kisiwani yanaua. Nilipompigia kumweleza yaliyotokea aliniambia, "Pole, lakini imesomwa sana, sivyo?" Nikakata simu.

Na kuna mzee mmoja wa kanisa, nilipomwonyesha kabla sijaiweka, akanibariki na kusema ushuhuda ni mali ya kanisa. Si kweli, na najuta kwamba nilimwamini kwa sababu ya mvi zake. Ushuhuda ni wa yule aliyepitia jambo. Akitaka atasimama mwenyewe mbele, ashike kipaza sauti, na atachagua mwenyewe aishie wapi. Padri amefungwa na siri ya kitubio hata mbele ya hakimu. Sisi tusio mapadri tunadhani hatujafungwa na lolote kwa kuwa tulikaa mkekani na si kwenye kitubio. Mithali 11:13 imeshalisema: mchongezi hufichua siri, mwaminifu husitiri jambo. Jirani yangu Mwislamu, aliposikia kisa hiki, hakuwa na haja ya aya ndefu. Alisema, "Hiyo ilikuwa amana, mwanangu."

Umeuliza habari za 2018, nikwambie ukweli ambao sijauandika popote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka ule, tuliambiwa mwenye blogu ajisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Milioni mbili na laki moja. Juni watu wakafunga, na mimi nikatangaza nimefunga kwa sababu ya leseni. Watu walinipa pole nyingi. Haikuwa leseni. Nilikuwa nimeshaacha kuandika miezi kadhaa, naogopa kalamu yangu mwenyewe, na nilishukuru serikali imenipa pa kujificha. Kanuni zile zimebadilishwa 2020 na tena 2022, kwa hiyo usifuate ya kwangu wala ya huyu aliyekwambia hapo juu "fungua tu". TCRA wana ofisi Zanzibar, nenda ukaulize blogu ya namna yako inahitaji nini kwa sasa. Na jua kwamba tangu 1 Mei 2023 inafanya kazi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na humo taarifa za watoto na za miamala ya fedha za mtu zimetajwa kwenye fungu la taarifa nyeti. Deni la kikoba. Homa ya mtoto wa mwenzio. Hayo ndiyo tunayoambiwa mikekani.

Nimerudi kuandika sasa, tangu 2023, kwa sharti moja ambalo sitalivunja: mwenye habari anaisoma kwanza, yote, kama itakavyotoka, na ana haki ya kusema hapana bila kunieleza sababu. Simaanishi kumdokeza kwenye simu kwamba "nitaandika kidogo kuhusu lile jambo". Asome. Asiyejua kusoma namsomea mimi, yeye na mtu wake anayemwamini, wote wawili wakinisikiliza. Akisema hapana nafuta, na sibaki na nakala nikisubiri ahame kisiwa.

Hapa pana mtego ambao wewe, mke wa mwinjilisti, utakunasa haraka kuliko mimi. Ukimwonyesha muumini makala na kumuuliza palepale, atakujibu "sawa, mama". Hiyo ni heshima, si ruhusa. Unadhani binti anayeombewa na mumeo kila Jumapili atakutazama usoni akukatalie? Mimi nampelekea karatasi, naondoka, na jibu namwomba ampe dada mmoja wa kanisa asiye na cheo chochote, baada ya wiki. Kama wiki imepita kimya, kimya kile nakihesabu hapana. Kati ya makala sita za kwanza nilizopeleka hivyo, nne zilikataliwa. Nne! Fikiria kwa utaratibu wa zamani zote zingekuwa hewani.

Na zile mbili zilizobaki zilikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kuandika. Moja ilikuwa ya yule jirani yangu wa amana, anachoma mkate wa ufuta kwa vyungu na makaa, alfajiri ukipita kwake unasikia ufuta unapasuka. Nilikuwa nimeanza, "Mjane huyu wa miaka mingi..." Nilipomsomea alininyamazisha kwa kidole chenye unga. "Futa hapo. Mimi si mjane. Mimi ni fundi mkate." Alinisahihisha pia kuhusu makaa, kwamba nimeyaweka chini tu na ya juu nimeyasahau, akanishika mkono akanipeleka nikaone anavyokipindua chungu juu ya moto, mkate umegandia ndani hauanguki. Nisingeyajua hayo kwa kukaa na simu yangu usiku.

Watoto nao wahesabu. Wa kwangu wa pili niliwahi kumwandika, kwamba anaogopa kusoma neno mbele ya kanisa. Nilidhani ni jambo la kupendeza, mama na mwana. Wenzake skuli walimsomea darasani. Mume wangu, ambaye si msemaji, siku ile aliniuliza, "Hii nyumba yetu ina mlango au haina?" Sasa ana miaka kumi na sita na hupewa karatasi kama mtu mwingine yeyote. Ameshanikatalia mara tatu. Wako ni wadogo, hawawezi kusoma wakaamua, basi kwa sasa wasiandikwe.

Utaniuliza, sasa niandike nini? Andika ya kwako. Andika mikono yako inavyonuka ndimu ukitoka kwenye shughuli ya kanisa, andika unavyopigana na usingizi kwenye mazoezi ya kwaya, andika ulivyomkasirikia Mungu siku ile gari ilipokuacha Mwanakwerekwe na mtoto mgongoni. Hapo mwenye habari ni wewe, umeshajisomea.

Muda sitakudanganya, mimi naandika Jumanne usiku na baadhi ya Jumanne siandiki. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kusubiri majibu ya watu kutakupunguzia kasi kwa nguvu.

Sasa hiyo ya binti na mama mkwe wake. Umesema nyumba yao iko karibu na kwenu. Kesho ukitoka kazini mpelekee karatasi, yeye na mkwewe kila mmoja yake, maana ni ya wote wawili. Ukienda, usiende mikono mitupu, na usikae kumwangalia akisoma. Wiki ikiisha njoo hapa uniambie umejibiwa nini. Nitakuwa nimekaa nakusubiri.