Kabla Hamjatangaza Sehemu ya Pili ya Mchezo Wenu

Jumamosi iliyopita niliketi Sinza, Dar es Salaam, na vijana watatu waliotengeneza mchezo wa mezani wa mapango na mazimwi, mchezo ambao nimeucheza mara nyingi na bado unanipa raha. Walinionesha tangazo la sehemu ya pili: picha ya zimwi jekundu lenye pembe, bei, na ahadi kwamba sanduku litakuwa mikononi mwa wanunuzi siku ya Sabasaba. Nilipoomba kuuona mchezo wenyewe, walinionesha picha ile ile. Hili ni kundi la nne ninaloliona likifanya hivyo, na kwa kuwa ninawapenda wadogo zangu hawa na kuithamini kazi yao, ninaandika hapa kwa kirefu yale niliyoyasema pale mezani kwa haraka, na kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia.

1. Amueni kama mnachotangaza ni nyongeza au ni mchezo unaojitegemea, kisha mliseme jambo hilo katika sentensi ya kwanza ya tangazo. Mnunuzi wa Mbagala anayetoa fedha yake ana haki ya kujua kama atahitaji pia sanduku la zamani. Kifurushi cha nyongeza cha wachezaji 5 na 6 cha Catan, mchezo wa mezani, hakichezeki bila sanduku la msingi, ilhali mchezo mwingine, Pandemic Legacy ya Msimu wa Pili, iliyotoka mwaka 2017, inachezeka hata na mtu ambaye hakuugusa msimu wa kwanza wa mwaka 2015, ingawa hadithi inaendelea. Njia zote mbili ni halali. Kumwacha mnunuzi agundue mwenyewe baada ya kufungua sanduku si halali.

2. Msiahidi kwamba kadi mpya zitachanganyika na za zamani kabla hamjazichanga pamoja kwa mikono yenu. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ahadi hiyo imo katika tangazo la wale vijana, na mimi niliitoa kabla yao.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na kadi 110 zenye mgongo wa buluu iliyokolea. Tulichapisha nakala 300, zikaisha, na kila nilipokwenda watu wakaniuliza sehemu ya pili inatoka lini. Maswali hayo yalinilevya. Nikatangaza nyongeza ya kadi 54 za majini wa baharini, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mchezaji atazichanga tu na zile za kwanza, nikapokea malipo ya awali ya watu 140 kwa simu. Siku ile hapakuwa na hata kadi moja iliyochapishwa. Tulikuwa tukijaribisha kwa vikaratasi tulivyovichomeka ndani ya vifuko vya plastiki vyenye mgongo mweusi, na vifuko hivyo ndivyo vilivyotuficha ukweli, kwani ndani yake kadi ya zamani na karatasi ya daftari zilifanana kabisa.

Mchapaji wa kwanza alikuwa ameshauza mashine yake. Nilikwenda kwa mwingine Kariakoo nikiwa na faili tu, bila karatasi hata moja ya chapa ya kwanza, kwa sababu niliamini kwamba faili ndiyo rangi. Sivyo. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, wino hufyonzwa na karatasi, na faili ile ile ikipita kwenye mashine nyingine na karatasi ya kiwanda kingine hutoa buluu nyingine, hata kama zote mbili zinaitwa karatasi za gramu 300 kwa mita ya mraba. Kadi zilifika wakati wa masika. Buluu yake ilielekea zambarau, na ukataji ulikuwa umezipunguza kwa kiasi cha nusu milimita. Nilizitazama moja moja, nikaziona nzuri.

Usiku ule nilizichanga na za zamani, nikacheza na binti yangu wa miaka tisa. Kabla sijafunua kadi ya tatu akasema, "Baba, hiyo inayofuata ni jini." Ilikuwa jini. Akabashiri tena, akapata, akabashiri mara ya tatu, akapata. Mchezo wangu mzima umejengwa juu ya hofu ya kutojua kilichopo nyuma ya mlango wa pango, kama ni hazina, zimwi au jini, na mtoto alikuwa anaisoma hofu hiyo kwenye mgongo wa kadi, kwenye ukingo wake, bila kujitahidi.

Ningekuwa nimeeleza kosa la uchapaji tu, msingekuwa na sababu ya kunisoma mpaka hapa. Kosa langu kubwa lilifuata. Nilikaa kimya wiki tatu, kisha nikazigawa kadi zile kwa wateja wote 140, nikitumaini kwamba hawataona. Wengi hawakusema kitu. Kisha akanipigia simu mwalimu mstaafu wa Temeke ambaye alikuwa akiucheza na wajukuu wake kila Ijumaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kwa upole kama kuna namna maalumu ya kuzichanga, kwa sababu wajukuu wanazitambua kadi mpya na yeye anadhani anakosea mahali. Mzee wa watu alikuwa anajilaumu kwa kosa nililolijua na kulificha. Nilimweleza ukweli papo hapo, na siku iliyofuata nikawaeleza wateja wengine wote.

Tulizichapa upya kadi zote 164, za zamani na mpya pamoja, kwa pleti zilezile, karatasi za bunda moja na siku moja, na kila aliyekuwa amelipa akapewa seti nzima bila malipo ya ziada. Kazi hiyo ilimeza faida yote ya mchezo wa kwanza na miezi minane ya maisha yangu. Tangu hapo, kila ninapochapisha, ninahifadhi karatasi mbili nzima ambazo hazijakatwa, mahali pakavu pasipo na mwanga, zikiwa zimeandikwa uzito na aina ya karatasi, na ninakwenda nazo kwa mchapaji na kusimama kando ya mashine mpaka rangi zilingane.

3. Kadi zipakwe laminesheni, yaani utando wa plastiki, pande zote mbili, kwa maana hewa ya pwani hii huikunja kadi iliyopakwa upande mmoja.

4. Kuhusu tarehe, najua mtanitajia mchezo wa Frosthaven, ambao mwaka 2020 ulichangiwa karibu dola milioni 13 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ilhali sanduku halijatengenezwa. Nyuma yake ulikuwepo mchezo uliotangulia, Gloomhaven, uliokuwa umeshachezwa mno, na hata hivyo wengi wa waliochangia walisubiri zaidi ya miaka miwili. Ninyi mna nakala mia mbili na wateja wanaowajua mpaka nyumbani kwenu. Mcheza bao la Kiswahili huanza na kete 22 mkononi, na haingii mtaji, yaani awamu ya pili, kabla hajazinamua zote, yaani kuziingiza ubaoni moja moja; hakuna mtu kijiweni anayeona kwamba anacheleweshwa. Tangazeni tarehe siku mtakapoiona prufu iliyosainiwa, yaani chapa ya majaribio iliyokubaliwa, na kabla ya hapo semeni tu kwamba mnajaribisha, kwani nalo ni tangazo.

5. Sajilini jina la mchezo huko BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, na mwandikishe michoro na maandishi huko COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla zimwi lenu halijaonekana hadharani, mkikumbuka kwamba hakimiliki hulinda maandishi ya kanuni lakini hailindi wazo lililomo ndani yake.

6. Mpeni mtu asiyewajua kitabu cha kanuni, kisha mnyamaze mpaka mchezo uishe.

7. Tangazo lianze na wale walionunua sehemu ya kwanza. Kama mmerekebisha kanuni, na vijana wa Sinza wameirekebisha ile ya dadu mbili za giza, na wamefanya vyema sana, basi kanuni mpya wapewe bure wenye sanduku la zamani siku ile ile mnapotangaza. Hao ndio walioujaza mchezo wenu kwenye vibaraza na mabwenini wakati hakuna duka lililotaka kuuweka kwenye rafu, na wao ndio watakaofungua masanduku mawili mezani na kuyalinganisha.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale pale Sinza kuanzia saa kumi jioni. Leteni kadi ishirini za mchezo wa kwanza na ishirini za mpya, hata kama mpya mmezichapa kwa majaribio tu, lakini vifuko vya plastiki viacheni nyumbani. Nitakuja na binti yangu.