Mad Max ya tatu: kwa nini inawagawa watazamaji

Kaka, umeuliza kwa nini Mad Max Beyond Thunderdome ya mwaka 1985 inasifiwa na kupondwa kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu ni kwa sababu inafanana na filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Nusu ya kwanza, yenye mji unaopata nishati kwa gesi ya kinyesi cha nguruwe na pambano ndani ya kuba la chuma, ambamo wapiganaji hurukaruka wakiwa wamefungwa kamba za mpira, ni kali mno. Naye Tina Turner, ambaye wengi wetu tulimjua kwa nyimbo tu, anaicheza nafasi ya mtawala bila kutetereka. Kisha wanaingia watoto wa jangwani wanaomsubiri rubani wao, na kasi inapoa. Nilipoitazama katika kibanda cha video huku Moshi, hapo ndipo muuza karanga wa mlangoni alipoanza kupata wateja. Aliyetoka kuitazama ile ya 1981, yenye lori la mafuta likifukuzwa nyikani, ana haki ya kulalamika. Mimi, hata hivyo, ninachokumbuka zaidi ni wale watoto wakisimulia asili yao kwa fremu ya vijiti, mithili ya televisheni.