Ukitaka kuijenga upya baa ya wakoloni, anzia uani

Baa ninayosimamia ujenzi wake iko huku Busoga, mashariki mwa Uganda, kando ya reli iliyofunguliwa 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali. Abiria wa kwenda kaskazini walishuka treni Namasagali wakapanda meli ya Mto Nile hadi Masindi Port. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliua bandari ya Namasagali, na baa nayo ikaporomoka hadi matofali yakabebwa. Kwa anayefikiria kazi ya namna hii, haya ndiyo ninayomshauri.

Usikimbilie picha za veranda na Wazungu waliovaa kofia. Watafute wazee kwanza, tena uwaulize habari za nyuma ya nyumba. Bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa mpishi pale alinishika mkono hadi kwenye mwembe, akahesabu hatua kuelekea mtoni, akasema, "Hapa ndipo palipokuwa na jiko, na hapa dirisha la kupokelea sahani." Vijana wakachimba taratibu. Chini ya udongo mwekundu wakakuta jivu, misumari yenye kutu na shingo za chupa nene za kijani. Kutoka pale tukaupata msingi mzima.

Kwangu mimi uani ndiko kwenye moyo wa kazi hii. Sheria za enzi hizo zilimzuia Mwafrika kunywa pombe kali ya Kizungu, ilhali yeye ndiye aliyeibeba, akaimimina na kuosha bilauri. Wajukuu wake leo ni wageni wanaolipa. Ukijenga ukumbi wa mbele tu, utakuwa umewafukuza mara ya pili. Jenga jiko, kibanda cha dobi na mlango wa wahudumu kwa vipimo vyake halisi, na wageni wapitie huko kabla ya kufika kaunta.

Kuhusu kuta: matofali ya kuchoma ya zamani ni laini, yanataka chokaa. Fundi wako atakuambia saruji ni imara zaidi. Mkatalie. Saruji hufungia unyevu ndani, tofali likaanza kumenyuka uso baada ya misimu michache ya mvua. Mvule siku hizi ni adimu na ghali, kwa hiyo uuweke kwenye kaunta, pale mkono wa mgeni unapogusa. Darini mikaratusi iliyotiwa dawa ya mchwa inatosha. Vyoo na umeme viwe vya kisasa kabisa, hapo hakuna mjadala.

Chagua mwaka mmoja na uushike. Kampuni ya bia ya Port Bell ilianzishwa 1946, ya Njeru 1951. Basi ukisema baa yako ni ya 1930, usitundike matangazo ya bia zao ukutani. Kuziuza kwenye friji ni sawa, wateja wana kiu ya leo.

Jambo la mwisho ni bei. Weka soda na chapati kwa bei ambayo kijana wa bodaboda anaimudu, na umpe yule bibi, au mtu wa ukoo wake, kazi ya kulipwa ya kuwaeleza wageni. Mshahara huo uuandike kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na bati na chokaa.