Darasa la kwanza: msikilize mtoto mmoja mmoja

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la kwanza huku Pemba, hongera. Nakuandikia kabla hujaandika andalio lako la mwanzo, kwa sababu kuna jambo lilinichukua karibu muhula mzima kulijua, na walioumia kwa kuchelewa kwangu ni watoto.

Darasa langu la mwanzo lilikuwa na watoto 78, skuli ya mikondo miwili katika Wilaya ya Micheweni, mie nikisomesha mkondo wa asubuhi. Nimetoka Mjini Unguja, cheti bado kinanukia wino. Wiki ya tatu niliandika ubaoni "Baba ana kuku", nikapitisha kijiti neno kwa neno, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia dirishani. Nilirudi nyumbani na furaha kubwa. Niliamini wanasoma.

Siku moja nikamwita mbele kijana aliyekuwa na sauti kuliko wote. Nikafuta maneno mawili ya mwanzo, nikambakishia "kuku". Akalitazama, akasema kwa uhakika kabisa: "Baba." Nikaliandika neno lilelile kwa kalamu kwenye kiganja changu, nikamwonesha. Akasema: "Ana." Hapo nikafahamu. Alikuwa akifuata mpangilio: neno la mwanzo ni baba, la pili ni ana, haidhuru kilichoandikwa ni nini. Siku ileile niliwajaribu wengine kumi. Waliosoma kweli walikuwa wawili.

Usiwalaumu. Watoto wetu wengi huanza chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla hawajakanyaga skuli, na huko kuhifadhi ni heshima, tena inastahiki. Mtoto wa miaka sita aliyehifadhi sura kadhaa za Juzuu Amma ana sikio na kumbukumbu ambayo mwalimu yeyote angeiombea dua. Lakini sisi tunamtaka pia alisome neno ambalo hajawahi kuliona. Ni kazi nyengine, na sauti ya darasa zima inaificha: wanaojua wanawabeba wasiojua, na wewe mbele ya ubao unasikia wimbo mmoja mzuri.

Nilikopata dawa ni hukohuko chuoni. Siku moja alasiri nilipita nikaona namna ustadhi anavyosomesha. Watoto wamejaa mkekani, kila mmoja yuko mahali pake, huyu bado kwenye herufi, yule keshafika mbali. Kelele tupu kwa asiyejua. Lakini kila mtoto, kwa zamu yake, anakwenda kukaa mbele ya ustadhi, anasikilizwa peke yake, anasahihishwa peke yake, na hapewi somo jipya mpaka la jana limekaa. Wakubwa huku wanawasomesha wadogo. Nilisimama pale nikajiuliza kwa nini mie mwenye cheti silifanyi hili.

Basi fanya hivi. Kila siku wasikilize watoto watano, kwa majina, dakika mbili kila mmoja. Dakika kumi tu za kipindi. Kwa darasa kama langu la 78, kila baada ya wiki tatu na siku moja umeshamsikia kila mtu, na ukishawasikia wote unaanza tena. Usimwite mbele, shuka wewe ukakae chini, ubavuni mwake, kichwa chako kiwe usawa wa kichwa chake. Mpe maneno matatu aliyoyasoma, umechanganya mpangilio, na moja asiloliona kabla lakini lenye silabi anazozijua. Kama mmesoma baba, kuku na ana, mpe "kuna". Andika kwenye daftari jina, tarehe, na pale alipokwama. Usiandike "anajua" wala "hajui". Andika "anachanganya b na d", "anasoma silabi ya mwanzo, ya pili anabahatisha". Maneno hayo ndiyo yatakayokwambia kesho usomeshe nini.

Wale waliobaki wape kazi ya mikono, la sivyo darasa litakuwa soko la samaki. Mie nilikuwa na mikebe ya komwe na makonyo ya karafuu yaliyokauka. Makundi ya watoto sita sita, wanahesabu, wanapanga kumi kumi, mmoja wao ndiye msimamizi wa kundi. Hivi vitu huku havinunuliwi, ukiomba kwa wazee utaletewa hadi useme basi.

Sasa lugha, na hapa nakusihi zaidi ikiwa wewe ni mtu wa Unguja kama mie. Kiswahili cha vitabuni kimejengwa juu ya Kiunguja. Ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo kitabu kinasema kama ulivyosema nyumbani kwenu tangu utoto, na hukulitolea jasho. Mtoto wa Micheweni kwao anasema "kyangu" na "kyakula", na hajakosea. Hivyo ndivyo mama yake asemavyo, na bibi yake.

Mie nililifanyia pupa. Msichana mmoja alinyanyuka akasema "kitabu kyangu", nikamkata palepale: si kyangu, sema changu. Wenzake wakacheka. Tokea siku hiyo hakunifungulia mdomo. Wiki ya pili akaja bibi yake, akaketi kwenye kibao cha nje, akanambia taratibu: "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani hanyamazi. Skuli kafanywa nini?" Nikamwambia, "Bibi, kosa ni langu, naomba radhi." Kesho yake nikamwomba radhi na mtoto, mbele ya walewale waliocheka. Nikaandika ubaoni "kyangu" na "changu" bega kwa bega, nikawaeleza kwamba la kwanza ni la nyumbani, la pili ni la kitabuni, na sote hapa tutayajua yote mawili. Sauti yenyewe ya ch wanayo, wanaitumia kila msimu wakienda kuchuma karafuu. Ilinitosha kuanzia hapo.

Vivyo hivyo atakuandikia "nkate" na "ntu". Sikio lake limesikia sawasawa. Hata sisi wa Mjini ndivyo tunavyotamka. Mwambie aseme "mtu mwema" polepole. Kwenye mwema m inasikika wazi, na hiyo ndiyo m iliyojificha kwenye mtu.

Bakora iache. Mtoto anayeogopa kupigwa husoma kwa kukuangalia usoni badala ya kuangalia herufi, na daftari lako lote litakuwa uongo.

Msimu wa karafuu mahudhurio yatashuka, na masika pia, njia zikijaa maji. Usiwagombeze wakirudi. Waweke juu ya orodha ya wale watano, ujue wamerudi na nini na wamepoteza nini. Ukikwama, nenda kituo cha walimu kilicho karibu nawe, Wingwi au Mitiulaya, ukiwa na daftari lako mkononi. Ukiwa na majina na maneno yaliyowashinda, utasaidiwa haraka kuliko ukienda kulalamika kwamba darasa ni kubwa.

Na mwisho wa mwaka daftari hilo usilifungie kabatini. Mkabidhi mwalimu wa darasa la pili, mkae mlipitie jina kwa jina. Mie mwaka wa mwanzo sikufanya hivyo, na mwenzangu alianza upya na watoto ambao tayari nilishajua kila mmoja anakwama wapi.