Mbane wakala wa bima kabla hujalipa

Hapa Tanzania wengi tunakata bima ya gari kwa sababu ya trafiki. Stika ikisoma, tumemaliza. Mimi nashauri siku hiyo ukae na wakala akufafanulie maneno machache, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua utalipwa shilingi ngapi gari likigongwa.

Bima ndogo, au thedi pati, ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Kwa gari binafsi tumezoea kulipa 118,000, yaani 100,000 pamoja na VAT ya 18%. Inawafidia watu wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali. Ukigonga bajaji pale Mwenge, mwenye bajaji atalipwa, lakini bampa na taa zako utazigharamia mwenyewe. Gari lako likiibwa au kuungua, bima ndogo haihusiki.

Bima kubwa inalihudumia na gari lako. Ada yake inatokana na thamani ya gari, na kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni 3.5%. Gari la milioni 20 litakugharimu 700,000, na ukiongeza VAT inafika 826,000. Ni hela nyingi, ndiyo maana watu hushawishika kuandikisha thamani ya chini ili walipe kidogo. Tafadhali usifanye hivyo. Tuseme gari hilo umeliandikisha kwa milioni 10, halafu ajali ikaleta hasara ya milioni 4. Kama mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni itasema uliikatia bima nusu tu ya thamani ya gari, kwa hiyo italipa nusu ya hasara, yaani milioni 2, na bado haijakata eksesi, neno nitakalolieleza hapa chini. Kuandikisha thamani kubwa kupita kiasi nako hakukusaidii, kwa sababu gari likiharibika kabisa utalipwa bei ya soko ya siku ya ajali. Kabla ya kuhuisha bima kila mwaka, ulizia gari kama lako linauzwaje sasa hivi.

Neno linalowashtua watu kuliko yote ni eksesi. Ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe katika kila dai. Shemeji yangu aligongwa ubavuni, gereji ikakadiria milioni 1.4. Mkataba wake ulisema eksesi ni 10% ya dai, lakini isipungue 250,000. Asilimia kumi ni 140,000, kwa hiyo kikatumika kile kiwango cha chini: kampuni ikatoa 1,150,000, yeye akaongeza 250,000 ndipo akakabidhiwa gari. Alikasirika sana, na nilimwelewa, kwa sababu siku anakata bima hakuna aliyemtajia hilo. Kwa hiyo uliza mambo mawili: asilimia ni ngapi, na kiwango cha chini ni kipi. Uliza pia kama eksesi inapanda dereva akiwa kijana au mwenye leseni mpya. Zipo kampuni zinazofanya hivyo, na kama mwanao ndiye anayeendesha, jambo hilo linakuhusu moja kwa moja.

Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, piga picha, na usimruhusu fundi aguse kitu kabla mkaguzi wa hasara hajaliona gari. Usiahidi kumlipa mtu pale barabarani, hata kama unahisi kosa ni lako. Mikataba mingi inakataza kukubali kosa bila idhini ya kampuni.

Ukishalipa, ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima nchini, weka namba ya gari, uhakikishe bima inaonekana na aina yake ni ile uliyolipia. Kisha omba mkataba wenyewe, maana stika haionyeshi eksesi wala vifungu. Dai likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka barua hiyo pamoja na mkataba wako kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.