Jibu: Nianze na albamu ipi ya roki yenye nyimbo za visa?

Mkuu, kama unataka roki inayosimulia visa, na kelele za gitaa zinakuchosha, chukua Nebraska ya Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, ya mwaka 1982. Humo hamna bendi. Ni hasa gitaa, harmonika na sauti yake, alivyojirekodi mwenyewe nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti ya njia 4, yaani inayorekodi sauti nne kila moja peke yake. Zilikuwa rekodi za majaribio tu. Bendi ilipozipiga studio zikapoteza ladha, basi kaseti ileile aliyokuwa akizunguka nayo mfukoni, bila hata kasha, ndiyo ikawa albamu. Ndiyo maana sauti ina ukungu kidogo. Usidhani spika zako ni mbovu!

Anza na Highway Patrolman. Joe ni polisi, nduguye Frankie ni mkorofi tangu utotoni. Usiku mmoja Frankie anamwacha kijana sakafuni baa, damu inamtoka kichwani, anakimbia na gari. Joe anamfukuzia hadi kwenye kibao: mpaka wa Kanada, maili 5. Hapo anaegesha kando na kutazama taa za nyuma zikipotea. Hasemi moyo wake ukoje, na mimi kila mara hapo ndipo ninaponasa.

Wimbo uliobeba jina la albamu uuweke baadaye. Anayeongea ni muuaji mwenyewe, umetokana na mauaji aliyoyafanya Charles Starkweather, muuaji wa kweli wa Marekani wa miaka ya 1950, na anasimulia kwa utulivu unaotisha.

Maneno ya nyimbo uwe nayo mkononi, Springsteen anameza silabi sana.