Nizibe chini ya nyumba ya mbao kabla ya mvua ya mwezi wa tisa?

Swali: Habari ya kazi, fundi. Nyumba yetu ya mbao iko Himbi, hapa Goma. Imekaa juu ya mawe ya volkano, na chini ya sakafu pana nafasi ya kama sentimita 40. Mvua ikianza, baridi inatupanda miguuni na mbao zinanuka uvundo. Kaka yangu yuko Montréal. Amenitumia picha ya nafasi kama hiyo chini ya nyumba yake: ametandika nailoni, amefunga matundu yote, anangojea majira ya baridi. Ananiambia nami nizungushie shitingi, yaani turubai la plastiki. Nifanye hivyo?

Jibu: Hapana, mama. Hiyo shitingi iweke pembeni kwanza.

Kaka yako hakudanganyi. Anakokaa, baridi inaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Bomba linapasuka, na barafu ikiyeyuka ndipo anagundua nyumba inaogelea. Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku tunavuta blanketi, lakini maji hayagandi bombani (mara nyingi hata hayamo, ila hilo tuliache).

Kinachotusumbua sisi ni unyevu. Niliwahi kufungua sakafu moja Keshero, mwenyewe alikuwa amezungushia shitingi pande zote, amekandamiza kwa mawe, kazi safi kabisa kwa macho. Ndani, upande wa chini wa mbao ulikuwa na matone yamejipanga kama jasho. Nikachoma kwa ncha ya turnevisi (bisibisi): ikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Mbao za mkaratusi, hazikuwa na miaka minne. Mvuke wa ardhini haukuwa na pa kutokea, ukapanda kwenye mbao.

Halafu kuna mazuku, hewa yenye sumu inayotoka ardhini, na kwa kuwa uko Himbi siwezi kulipita hili haraka. Upande wetu wa magharibi, kuelekea Bulengo na Lac Vert, ardhi inatoa kaboni dayoksaidi. Haina rangi, huioni, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni. Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia na jua halijapiga. Ukizungushia shitingi chini ya nyumba, umeijengea hiyo hewa bakuli, na watoto umewalaza juu yake.

Kwa hiyo ziba sakafu, chini yake iache ipumue. Baridi ya miguuni inapitia kwenye nyufa kati ya mbao. Pigilia vipande vyembamba vya mbao juu ya nyufa, kisha tandika balatum (zulia la plastiki), lakini tu baada ya mbao kukauka vizuri mwezi wa saba na wa nane. Balatum juu ya mbao mbichi inaozesha kama shitingi. Watoto walale kitandani. Mkeka wa chini uwe wa mchana.

Chini ya sakafu, toa kila kitu: makaa, kuni, bidoni (madumu), viatu vya zamani. Acha matundu pande zinazotazamana, upande wa ziwa na upande wa mlima, kwa sababu mchana upepo unatoka ziwani na usiku unarudi. Tundu moja liwe upande ulioinama, sawasawa na ardhi, hewa nzito ipate kutiririka nje. Panya wazuie kwa wavu wa chuma wa matundu madogo. Kila mahali mbao inapokalia jiwe, penyeza kipande cha bati au nailoni nene, maana jiwe linanyonya maji na kuyapandisha.

Maji mengi yanayofika chini ya nyumba za hapa yanatoka juu ya paa letu wenyewe. Mabati yanamwaga, matone yanaruka yakigonga mawe, yanalowesha kingo za sakafu kila siku ya mvua. Weka mfereji chini ya paa uelekee kwenye tangi. Ukiweza kufanya jambo moja tu kabla ya mwezi wa tisa, fanya hilo, na bidoni za watoto zitapungua safari za ziwani. Mafuta ya vidanji, yale machafu yaliyotolewa kwenye injini, usipake chini ya chumba cha kulala: yananuka, na yanawaka.

Kabla mtu hajaingiza kichwa huko chini, angalia. Ukikuta mijusi au panya wamekufa bila jeraha, mtu asiingie. Waite watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, waje na vipimo. Usijaribu kwa mshumaa. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamdhuru mtu. Hata kama hukuona kitu, kazi ianze saa nne asubuhi, jua limeshapiga, na mtu wa pili abaki nje akiongea na aliyeko chini.

Kaka yako naye mwambie asije akafuata ushauri wangu. Yake aifunge.